Mpigachapa ni Nani?

Alhamisi jioni mjini Homa Bay, na vilevile Migori, Rongo au Oyugis, kuna kazi isiyokubali kungoja kesho. Jumamosi kuna mazishi, na familia inataka tisheti: sura ya marehemu kifuani, jina lake chini, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufariki. Katika kibanda kando ya barabara, kijana amelaza fremu ya mbao juu ya tisheti nyeupe. Fremu imewambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo mno. Matundu mengine yamezibwa kwa dawa, mengine yameachwa wazi kufuata umbo la uso wa mtu. Kijana anamimina wino upande mmoja, kisha anauburuta kwa kipande cha mpira chenye mpini, kutoka juu hadi chini, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Akisita katikati, wino unajaa mahali pamoja na jicho la marehemu linapotea. Akifika chini salama anainua fremu, na sura imebaki kwenye kitambaa.

Mteja akitoka hapo na kuulizwa ni nani aliyemfanyia kazi, atajibu: yule mtu wa tisheti. Au atasema yule wa kuprinti. Akitaka kumpa heshima atamwita fundi. Hakuna tusi katika majibu hayo, lakini yanaacha pengo. Mtu anayechora anaitwa mchoraji. Anayechonga mawe kule Tabaka, Kisii, anaitwa mchongaji. Huyu ambaye kazi yake ni kuhamisha picha kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa wino na nguvu ya mkono, jina lake liko wapi?

Mazungumzo ya leo yanamhusu yeye, na yanamhusu pia ndugu yake wa kazi ambaye hupatikana zaidi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam: msanii anayechonga ubao au kukwangua bamba la shaba, akapaka wino, akakandamiza karatasi juu yake, na kuitundika karatasi hiyo ukutani kama kazi ya sanaa iliyokamilika. Wote wawili wana jina katika Kiswahili. Jina hilo ni mpigachapa, na ni jina zuri kuliko linavyodhaniwa.

Kwanza ieleweke kazi yenyewe. Msanii wa ubao huanza na plaiwudi au mbao laini. Huchora picha juu yake, kisha huchukua patasi ndogo na kuondoa kila sehemu anayotaka ibaki nyeupe. Kinachobaki kimeinuka ndicho kitakachobeba wino. Hupitisha rola yenye wino juu ya ubao, hulaza karatasi, kisha hukandamiza. Mwenye mashine hutumia mashine. Asiye nayo husugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, taratibu, pembe hadi pembe, mpaka vidole vife ganzi. Karatasi inapobanduliwa, picha imegeuka: kilichokuwa kulia kwenye ubao kiko kushoto kwenye karatasi. Ndiyo maana kila herufi huchongwa kinyumenyume, na msanii asiyekumbuka hilo atapata jina lake limesimama kama linavyoonekana kwenye kioo.

Wengine hutumia lino, lile zulia gumu la sakafuni, kwa sababu inakatika kwa urahisi na haina nyuzi za mti. Wengine hukwangua bamba la shaba na kulitia asidi ili mistari ichimbike, kisha wino huingia katika mistari hiyo na kunyonywa na karatasi yenye unyevu. Wengine huwamba kitambaa kwenye fremu, kama kijana wetu wa Homa Bay. Njia zinatofautiana, lakini jambo la msingi ni lilelile. Msanii hafanyi picha moja kwa moja. Anafanya kitu kitakachozaa picha, na picha hiyo inaweza kutoka mara kumi, ishirini, au mia.

Neno chapa limeingia Kiswahili kutoka Kihindi, ambako chhap ni muhuri au alama iliyogandamizwa. Kamusi ya Kiswahili ya Madan ya mwaka 1903 tayari inalo, kwa maana ya alama na ya uchapaji. Pwani ilikuwa imelizoea mapema, kwani bidhaa za biashara zilikuja na alama zake. Hadi leo mama sokoni Migori anapouliza unga ni chapa gani, anatumia maana ileile ya zamani: alama inayosema kitu hiki kimetoka kwa nani.

Na Migori inalijua neno hili kwa njia nyingine pia, kwa ngozi ya ng'ombe. Katika nchi ya Wakuria, ambayo mpaka wa Isebania na Sirari umeikata ikawa nusu Kenya nusu Tanzania, ng'ombe ni mali inayoibwa, na chapa ya moto ni ushahidi wa mwenye mali. Kenya ina sheria mahususi ya kupiga chapa mifugo, Sura ya 357. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania iliwataka wafugaji wapige chapa ng'ombe wao nchi nzima, na upande wa pili wa mpaka, mkoani Mara, zoezi hilo lilizungumzwa kwa maneno yaleyale: kupiga chapa. Chuma chenye umbo hupashwa moto, hugandamizwa, huinuliwa, na umbo limebaki. Ukimwondoa ng'ombe ukaweka karatasi, na ukauondoa moto ukaweka wino, umefika katika karakana ya msanii. Kitendo hakijabadilika.

Sasa yako maneno mengine ambayo watu huyatumia, na inafaa kuyapima moja baada ya jingine.

Mchapishaji hafai kabisa. Huyo ni mtu au kampuni inayotoa kitabu: inalipa mwandishi, inahariri, inauza. Anaweza kumaliza maisha yake yote bila kugusa wino. Kumwita msanii wa ubao mchapishaji ni kumpa kazi ya ofisini.

Mchapaji yuko karibu zaidi. Kamusi zinamkubali kuwa ni mtu anayechapa. Lakini kwa masikio ya Kenya mchapaji amekaa sana na taipu na kompyuta: anayechapa barua, anayechapa karatasi za mtihani. Kisha yupo mchapa kazi, mtu hodari asiyechoka, ambaye wanasiasa wamemtumia katika mabango yao mpaka neno limechakaa. Mchapaji akitajwa katika habari za sanaa, msikilizaji atalazimika kuelezwa kwanza kwamba hazungumziwi karani.

Mchoraji na mchongaji kila mmoja anashika nusu ya kazi. Ni kweli msanii huyu huchora, na ni kweli huchonga. Ila mchongaji wa Tabaka akimaliza jiwe, jiwe ndilo kazi. Msanii wa chapa akimaliza ubao, kazi haijaanza kuonekana. Ubao unaweza kutupwa kwenye kona ya karakana na kuliwa na mchwa, ilhali karatasi zake ziko Nairobi, London na kwingineko. Kumwita mchongaji ni kutazama kifaa na kuiacha kazi yenyewe.

Msanii wa chapa ni usemi safi na unaeleweka, na hakuna sababu ya kuukataza. Hata hivyo ni maelezo kuliko jina. Hakuna anayesema msanii wa kuchora pale anapoweza kusema mchoraji.

Linabaki mpigachapa. Pingamizi kubwa dhidi yake ni kwamba tayari lina mwenyewe: Tanzania ina Mpigachapa Mkuu wa Serikali, mwenye dhamana ya kuchapa nyaraka za dola, na watu wa mitambo ya magazeti nao huitwa wapigachapa. Kwamba mtu wa ubao na mtu wa Gazeti la Serikali waitwe kwa jina moja, wengine wanaona ni mkanganyiko. Kiingereza, wanasema, kimewatenga: printer ni wa kiwandani, printmaker ni msanii.

Lakini Kiswahili kinaendeshwa na wenyewe, na wenyewe wameshalijibu swali hili mahali pengine. Mpiga picha anayekaa karibu na ofisi ya usajili akipiga picha za kitambulisho ni mpiga picha. Mohamed Amin, Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliishtua dunia, naye alikuwa mpiga picha. Hakuna aliyeomba neno jipya la kumtenga na wa vitambulisho. Kazi ilimtenga yenyewe. Vivyo hivyo mpiga ngoma wa harusini na mpiga ngoma wa bendi ya kimataifa.

Hapo ndipo kitenzi kupiga kinapoonyesha nguvu yake. Mswahili hupiga zumari, hupiga gitaa, hupiga picha, hupiga rangi, hupiga pasi. Kupiga ni kitenzi cha mkono uliofunzwa. Na msikilizaji wa Homa Bay ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kijaluo hahitaji kufundishwa hilo, kwa maana Kijaluo kina kitenzi chake cha kupiga, goyo, na goyo thum ni kupiga muziki. Mzee anayeketi juu ya kigoda na nyatiti yake ya nyuzi nane, pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu ikigonga, anapiga. Hakuna anayedhani kwamba anaharibu chombo. Mpigachapa anaingia katika ukoo huohuo wa watu wa mkono.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya Homa Bay hasa. Tarehe 27 Novemba 1906, Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, mwinjilisti kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia karibu na Kendu Bay na kuanzisha misheni ya Waadventista Wasabato. Carscallen alijifunza Kijaluo, na mwaka 1910 akatoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Mwaka 1913 misheni ikapata mashine ndogo ya chapa, na uchapaji ukaanza hapo hapo Gendia, kwenye ufuo wa ziwa. Kiwanda hicho ndicho kilichokuja kujulikana kama Africa Herald Publishing House. Kwa hiyo wakati sehemu nyingi za bara zilikuwa hazijaona herufi ya risasi, watu wa pembe hii ya Nyanza walikuwa jirani na mashine.

Uchapaji wa zama hizo ulikuwa kazi ya vidole. Herufi moja moja za risasi zilitolewa kwenye sanduku na kupangwa mstari baada ya mstari, zikiwa zimegeuka. Mpangaji ilimbidi asome kinyumenyume kwa wepesi uleule ambao wengine husoma sawasawa. Kisha rola, wino, karatasi, mkandamizo. Mtu aliyefunzwa kazi hiyo na msanii anayechonga lino leo wangeelewana kwa dakika moja, hata bila kuzungumza. Wanashiriki ujuzi mmoja, na ni haki washiriki jina moja.

Jambo linalowasumbua wanunuzi ni lile la nakala. Mtu anaingia katika jumba la maonyesho, anaona picha ya ubao, anapenda, anauliza bei, kisha anaambiwa zipo nyingine kumi na tisa. Papo hapo anajisikia kama aliyetaka kuuziwa fotokopi. Hapa ndipo kukosekana kwa jina kunapowaumiza wasanii mfukoni.

Fotokopi ni kivuli cha karatasi nyingine iliyotangulia. Chapa ya msanii haina iliyotangulia. Hakuna picha ya asili iliyofichwa mahali, ambayo hizi ishirini zimeiga. Hizo ishirini ndizo asili, kila moja imepakwa wino upya na kukandamizwa upya kwa mkono wa aliyeibuni, na kwa hiyo moja ina weusi mzito kidogo pembeni, nyingine ina mstari uliofifia. Ndiyo maana wapigachapa wana desturi ya kuandika kwa penseli chini ya picha. Upande mmoja utaona 3/20: hii ni ya tatu kati ya ishirini. Katikati huwa jina la kazi, na upande wa pili sahihi. Ishirini zikitimia, msanii mwaminifu haongezi. Penseli hutumiwa kwa kuwa inakaa vizuri kwenye karatasi, na mwandiko wake wa mkono ni mgumu kuigwa na mashine bila kugundulika.

Kwa upande mwingine, picha iliyopakwa rangi kwa brashi, ikapigwa kamera, ikatolewa kwenye mashine kubwa ya kompyuta na kuwekewa fremu, nayo huuzwa kwa jina la print. Haina ubaya kama mnunuzi ameelezwa. Ubaya upo anapolipa bei ya kazi ya mkono na kupewa kazi ya mashine, kwa kuwa neno moja la kuazima limezifunika zote mbili. Kiswahili kinaweza kumlinda hapo. Ile ya kwanza ni chapa. Hii ya pili ni nakala. Muuzaji akilazimika kuchagua neno, analazimika kusema ukweli.

Mjadala huu wa heshima si wa Afrika pekee. Huko Vienna, Adam Bartsch alianza mwaka 1803 kutoa orodha kubwa ya chapa za Ulaya iliyofika juzuu 21, na akaiita Le Peintre Graveur, mchoraji anayechonga. Alitaka kuwatenga wale waliobuni picha zao wenyewe na mafundi waliokuwa wakichonga picha za watu wengine ili zisambae. Japani ilikwenda njia tofauti. Wimbi kubwa la Hokusai, la mwanzoni mwa miaka ya 1830, lilichorwa na Hokusai, likachongwa na fundi wa mbao, likapigwa chapa na fundi mwingine, kwa gharama ya mchapishaji. Dunia nzima inamjua Hokusai. Majina ya waliochonga na kupiga chapa yamebaki nje ya hadithi, ingawa bila mikono yao wimbi lile lisingekuwepo kwenye karatasi.

Afrika Mashariki ina wapigachapa wake, na Nyanza iliingia mapema. Hezbon Owiti, mzaliwa wa Nyanza wa mwaka 1946, alikuwa kijana katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi jijini Nairobi, kilichoongozwa na mwandishi wa Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele. Kutoka hapo alipata nafasi ya kwenda Nigeria kwa mlezi wa wasanii, Ulli Beier, na chapa zake za lino zikamtambulisha katika miaka ya 1960. Inasikitisha kwamba vijana wengi wa sanaa Kisumu na Homa Bay leo wanaweza kutaja wachoraji wa Paris kabla ya kumtaja yeye.

Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt iliwapa wasanii mabamba ya shaba na asidi. Hapo ndipo George Lilanga, Mmakonde anayejulikana kwa sanamu na picha za mashetani wenye masikio makubwa, alipofanya chapa pamoja na kazi zake nyingine, na Robino Ntila akajenga jina lake kwa mistari ya asidi. Uganda ina Fred Mutebi, aliyesomea Makerere, ambaye njia yake inahitaji roho ngumu. Hutumia ubao mmoja kwa rangi zote. Huchonga kidogo, hupiga rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha huchonga tena ubao uleule na kupiga ya pili, na kuendelea. Kila rangi mpya inaua iliyotangulia. Akifika rangi ya mwisho, ubao umekwisha kuliwa na patasi, na hawezi kurudi nyuma kuongeza hata karatasi moja.

Nairobi, Peterson Kamwathi alijulikana mapema kwa chapa za ubao, miongoni mwao fahali wakubwa waliobeba hoja za siasa na katiba mwilini. Dennis Muraguri amechonga matatu: mabasi ya jiji, maandishi yake, makondakta wanaoning'inia mlangoni, katika mbao kubwa ambazo mtu husimama mbele yake kama aliyesimama stejini. Msikilizaji wa Migori aliyewahi kungoja gari la Isebania ataitambua picha hiyo bila kuambiwa chochote juu ya sanaa.

Kazi hii haihitaji mtaji wa kutisha. Kabondo, katika Kaunti ya Homa Bay, ni nchi ya viazi vitamu. Mwalimu wa sanaa anaweza kukata kiazi katikati, kukiacha kidogo hadi utomvu mweupe ukauke, kukifuta, na kumpa mtoto kisu butu achonge samaki. Mtoto atapaka rangi, atagandamiza kwenye karatasi, na atashangaa kwamba mbuta wake anatazama upande aliokuwa hajaukusudia. Amejifunza somo la kwanza la Gendia. Mara ya pili atageuza kichwa cha samaki kabla ya kukata. Tangu hapo mwalimu amwite kwa jina la kazi yake.

Kuhusu matumizi yenyewe, neno huandikwa kwa kuunganishwa, mpigachapa, wingi wake wapigachapa, ingawa wapo wanaotenganisha na hawajakosea sana. Kazi yake ni upigachapa. Anachokitoa ni chapa, na huongezewa kifaa pale inapohitajika: chapa ya ubao, chapa ya lino, chapa ya shaba, chapa ya skrini. Lebo ya maonyesho itaandikwa jina la mpigachapa, jina la kazi, chapa ya ubao kwenye karatasi, mwaka, kisha 3/20. Na risiti ya yule kijana wa kibanda cha Homa Bay, ambaye Ijumaa asubuhi atakabidhi tisheti hamsini zikiwa zimekunjwa, itasomeka hivyohivyo juu kabisa, pale ambapo sasa pameandikwa tu branding na namba ya simu: mpigachapa, kisha jina lake.